Bima ya afya kwa kaya za kipato cha chini: nani alipe mchango?

Mhudumu wa Jamii aliuliza:

Salaam kwenu nyote.

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Napita nyumba kwa nyumba: napima watoto mzunguko wa mkono kuona kama wana utapiamlo, nafuatilia wajawazito, nawakumbusha wenye kifua kikuu na wenye shinikizo la damu kumeza dawa zao. Kamati yetu ya afya imeletewa mapendekezo ya mpango mpya wa bima, na tumeombwa maoni ya maandishi. Nataka maoni yetu yawe na uzito, ndiyo maana nawauliza mnaoyajua mambo haya kuliko mimi.

Mpango uko hivi. Kila kaya italipa mchango wa mwaka kwa mkupuo mmoja na kupewa kadi. Kujiunga ni hiari. Kaya maskini kabisa zitahakikiwa na kupewa msamaha. Ukiusoma haraka unaona haki imetendeka: mwenye nacho analipa, asiye nacho anasamehewa.

Ila mimi nazijua kaya zenyewe. Kuna mama katika eneo langu anayefua nguo za watu. Ana paa, watoto wake wanakwenda shule, kwa hiyo wahakiki hawatamweka kwenye orodha ya msamaha. Lakini fedha yake huingia kwa siku na kutoka siku hiyohiyo. Mchango wa mwaka mzima hajawahi kuushika mkononi kwa wakati mmoja. Mwanawe akishikwa na homa atafanya anachofanya sasa: atangoja, atanunua vidonge vichache bila mtoto kupimwa, na mtoto akizidiwa ndipo atakimbia kukopa. Kaya za namna yake ndizo zinazojaza daftari langu. Maskini kabisa ni wachache, wenye uwezo ni wachache, na hawa wa katikati hawana wa kuwasemea.

Jirani yake ana kisukari. Huyo atajiunga siku ya kwanza, na ni haki yake. Kijana fundi wa nyumba ya pili, mzima wa afya, ataniambia atalipa akiumwa. Jibu hilo nimelisikia kwa watu wengi. Sasa mfuko wa bima ukibaki na wagonjwa peke yao utawatibu kwa fedha zipi?

Nauliza: je, kuna nchi ambako mpango wa hiari kama huu uliwafikia karibu watu wote wa kipato cha chini? Kama hakuna, waliofanikiwa walitoa wapi fedha? Na kamati ndogo kama yetu iombe nini kinachotekelezeka?

Mchambuzi wa Bajeti alijibu:

Ndugu mhudumu, nimefanya kazi ya bajeti za afya kwa muda mrefu, na swali lako la kwanza nalijibu bila kuzunguka: hakuna nchi iliyowafikia watu wake wote kwa michango ya hiari.

Mpango mlioletewa ulishajaribiwa, tena karibu kama ulivyo. Mwaka 1975 Thailand ilianza kuwatibu bure waliothibitishwa kuwa maskini. Mwaka 1983 ikaongeza kadi ya afya ya hiari, ambayo kaya zisizo na ajira rasmi ziliweza kuinunua. Msamaha upande mmoja, kadi ya kununua upande wa pili. Yaliyotokea ndiyo unayoyahofia. Msamaha uliwakosa maskini wengi na ukawaangukia wengine wasiouhitaji, na kadi ikawavutia zaidi wale waliojua kwamba wanaumwa. Ilipofika 2001, takriban watu 3 katika kila 10 walikuwa bado hawana bima wala msamaha wowote.

Hapo wakaacha kuuliza nani ni maskini wa kutosha. Wakauliza: nani hana bima kupitia kazi yake? Mtumishi wa umma alikuwa na mpango wake, mwajiriwa wa kampuni alikuwa na wake, na kila aliyebaki akaingizwa kwenye mpango wa taifa unaolipiwa na kodi. Hakuna mhakiki wa kuja kuhesabu mabati ya mtu. Mwaka 2002 mpango ulikuwa umeenea nchi nzima na kuchukua karibu robo tatu ya wananchi. Mgonjwa alilipa baht 30 (baht ni fedha ya Thailand) kwa kila ziara, na maskini walisamehewa hata hizo. Serikali ilianza kwa kutenga baht 1,202 kwa kila mtu kwa mwaka. Daktari Sanguan Nitayarumphong, aliyeupigania mpango huo kuliko wengi, alikuwa amefanya kazi katika hospitali ya vijijini akiwa kijana, nami naamini ndiyo maana mpango ulianzia kwa aliyeachwa nje.

Kuna jambo la Thailand ambalo wengi hulipita. Miaka ya 1970 na 1980 walikuwa wamejenga vituo na hospitali za wilaya, na kwa miaka kadhaa walisimamisha uwekezaji mpya katika hospitali za mijini ili fedha ziende vijijini. Kodi ilipoanza kulipia matibabu, pa kutibiwa palikuwepo.

Mtaambiwa pia kuhusu njia ya mishahara. Ujerumani ilianza nayo mwaka 1883. Japani iliwafikia watu wote mwaka 1961. Korea Kusini ilianza mwaka 1977 na kampuni zenye wafanyakazi 500 au zaidi, na kufikia 1989 ikawa imewafikia wote. Ni njia nzuri pale ambapo watu wengi wana mwajiri wa kukata mchango kabla mshahara haujatoka. Mama anayefua nguo hana karatasi ya mshahara. Hata Korea, wakulima na waliojiajiri ndio waliokuja mwisho, na serikali ililazimika kuweka ruzuku ili waingie.

Sasa fedha. Ghana, kwa sheria ya mwaka 2003, iliweka tozo ya asilimia 2.5 juu ya bidhaa na huduma kwa ajili ya bima ya afya, na ikachota asilimia nyingine 2.5 ya mshahara kutoka michango ya hifadhi ya jamii ya waajiriwa. Ufilipino, kwa sheria ya mwaka 2012, ilipandisha ushuru wa tumbaku na pombe na kuelekeza sehemu kubwa ya mapato ya nyongeza kwenye afya, yakiwemo malipo ya bima kwa familia maskini. Ushuru huo una faida mbili, kwa sababu hupunguza pia wavutaji.

Mkiambiwa kwamba watu wa kipato cha chini hawachangii chochote, kataeni kabisa. Mama yule anaponunua sabuni ya kazi yake, kwa kawaida kodi imo ndani ya bei. Anachangia kila siku. Kinachokosekana ni sheria inayosema sehemu gani ya fedha hiyo irudi kumtibu.

Na sheria nayo isomwe mpaka mstari wa mwisho. Ghana tozo iliendelea kukusanywa, lakini mwaka 2017 ikapitishwa sheria ya kuweka kikomo kwa fedha zilizotengewa mifuko maalumu, na mfuko wa bima ukapunguziwa. Kikomo hicho kilikuja kuondolewa kwa mfuko huo katika bajeti ya 2025. Mwananchi alikuwa akilipa muda wote huo. Kwa hiyo msiishie kuomba chanzo cha fedha. Ombeni pia tarehe ya kuzitoa, na ripoti inayoonyesha kilichokusanywa na kilichofika.

Mfamasia wa Kituo alijibu:

Naunga mkono, lakini mimi niko upande wa dirisha la dawa na lazima niseme kinachotokea huku.

Uganda ilifuta ada katika vituo vya umma mwezi Machi 2001. Watu walifurika, na maskini ndio walioongezeka zaidi. Hilo peke yake linatosha kuonyesha kwamba ada ilikuwa inawazuia watu wanaoumwa kweli. Lakini walipochunguzwa baadaye, mzigo mkubwa wa gharama kwa kaya maskini ulikuwa haujapungua. Maelezo yaliyotolewa ni yale ninayoyajua kwa macho yangu: dawa zikiisha kituoni, mgonjwa anaandikiwa akanunue nje, na huko analipa bei kamili.

Nimefanya kazi mahali ambapo mwenye kadi alikuja, akaandikishwa, akapimwa, kisha kwangu akakuta rafu tupu. Fomu za madai, yaani za kuidai bima gharama za wagonjwa tuliowatibu, tulikuwa tumezituma, malipo yakachelewa miezi, na msambazaji akakataa kutupa dawa kwa mkopo. Mgonjwa anarudi nyumbani na karatasi. Mwaka unaofuata hajiungi tena, na anawaambia majirani. Mhudumu akipita kuhamasisha anatukanwa kwa kosa ambalo si lake.

Nashauri sehemu ya fedha ilipwe mapema kwa idadi ya watu waliosajiliwa kituoni, isingoje madai. Thailand hulipa hivyo kwa wagonjwa wa nje. Kituo kinajua mwanzoni mwa mwaka kina kiasi gani, kinaagiza dawa kwa mpango, na hakina sababu ya kumwandikia mtu vipimo asivyohitaji ili madai yanenepe. Hatari yake ni kituo kubana huduma ili kibaki na fedha, kwa hiyo orodha ya dawa muhimu ibandikwe ukutani, na mwananchi awe na mahali pa kulalamika akinyimwa.

Tena kwenye orodha hiyo msisahau dawa za kisukari, shinikizo la damu na kifafa. Hao ni wagonjwa wa maisha yote. Kukosa dawa mwezi mmoja kunaweza kumlaza mtu wodini kwa kiharusi, na hapo gharama haina mfano na ile ya vidonge.

Mwanaushirika alijibu:

Mimi nina mawazo tofauti kidogo. Nimeongoza ushirika wa akiba na mikopo, na nimeona mtu anayechangia anavyokuwa na sauti. Anauliza, anadai hesabu, anakuja mkutanoni. Nahofia kwamba kila kitu kikilipwa na serikali, bajeti itakatwa kimya kimya na hakuna atakayesimama.

Rwanda watu wanachangia na wengi mno wamefikiwa. Mbona huko imewezekana?

Mchambuzi wa Bajeti alijibu:

Ndugu mwanaushirika, hoja ya sauti naiheshimu. Ila Rwanda haikufanikiwa kwa hiari. Sheria yao inamtaka kila mkazi awe na bima, na viongozi wa ngazi za chini hupimwa kwa jinsi wanavyowaandikisha watu. Hata hivyo walikuta mchango wa kiwango kimoja unawaumiza walio chini. Mwaka 2011 wakaupanga kwa makundi ya kipato, na kundi la chini kabisa likalipiwa na serikali na wafadhili. Fedha za bajeti na za nje nazo zilisaidia kuubeba mfumo.

Sauti inaweza kupatikana kwa njia nyingine. Sheria ya Thailand inawapa wawakilishi wa asasi za kiraia viti katika bodi ya mfuko, na kila mwaka hufanyika mikutano ya kusikiliza maoni ya wananchi na watoa huduma. Fundi yule mzima wa afya anaweza kukaa kwenye mkutano huo bila kwanza kununua kadi.

Mhudumu wa Jamii aliandika:

Nimewasoma wote, na jioni tumekaa kamati nzima tukasoma tena kwa sauti. Ahsanteni sana.

Tumekubaliana kuandika hivi. Uanachama usiwe wa kununua: kila asiye na bima ya ajira aandikishwe moja kwa moja. Kama serikali itasema haiwezi kuwabeba wote mwaka huu, basi ianze na makundi ambayo hayahitaji mhakiki, yaani watoto wote, wajawazito wote na wazee wote, kwa sababu umri na ujauzito havina mjadala mlangoni. Kisha itaje mwaka ambao waliobaki wataingia. Ushuru wa tumbaku na pombe utajwe kwenye sheria kama chanzo kimojawapo, na tarehe ya kutoa fedha iandikwe. Kituo kilipwe mapema kwa idadi ya watu. Orodha ya dawa ibandikwe ukutani, na dawa za kisukari, shinikizo na kifafa ziwemo. Hoja ya mwanaushirika tumeiingiza pia: tunataka viti viwili vya wananchi kwenye bodi, na mmoja wa wawili hao awe mtu anayeishi na ugonjwa wa kudumu.

Mwenzetu mmoja aliuliza tufanye nini wakitujibu kwamba fedha hazipo. Sikuwa na jibu la kumtosheleza.

Mchambuzi wa Bajeti alijibu:

Waombeni vitabu viwili: makadirio ya bajeti ya afya na taarifa ya matumizi halisi ya mwaka uliopita. Viwekeni pamoja. Mara nyingi utakuta fedha zilizoidhinishwa hazikutolewa zote, au zilitolewa mwishoni mwa mwaka zikashindwa kutumika. Waonyesheni pia kwamba Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2010, lilikadiria kuwa kati ya asilimia 20 na 40 ya fedha za afya hupotea kwa matumizi mabaya ya rasilimali: dawa ghali kununuliwa wakati za bei nafuu zipo, wagonjwa kulazwa bila haja, wizi. Na kama nchi yenu ni ya Afrika, iliahidi pale Abuja, Nigeria, mwezi Aprili 2001 kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Ulizeni mwaka huu ni asilimia ngapi, na jibu wawape kwa maandishi.

Mfamasia wa Kituo alijibu:

Na mkipeleka barua, chukueni nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Kisha tupeni habari hapa.