Naombeni ushauri: bosi anataka kunitoa saiti anipeleke ofisini, nikubali?

Kofia ya Njano (mleta uzi)
Wakuu, habari za usiku. Naandika tangu jioni nafuta, sijala, kichwa hakitulii.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, miaka 31, fundi sanifu wa ujenzi katika halmashauri moja hapa mkoa wa Kigoma, mji sitautaja. Huu ni mwaka wa sita niko saiti. Nimesimamia vyoo vya shule, zahanati, mitaro, na sasa kalavati, kidaraja kidogo cha kupitishia maji, la njia ya kuingilia soko. Idara nzima wanawake tuko wawili, mwenzangu yuko upande wa ramani. Nilipoanza, vibarua waliniona nimeshika mfuko wakadhani nimeleta chapati, wakaniuliza bei. Leo nikisema zege limezidi maji, mashine inazimwa na hakuna anayebisha. Heshima hiyo nimeihangaikia juani, sikupewa na mtu.

Sasa jana Ijumaa bosi kaniita. Kuanzia Jumatatu nikae ofisini, nishughulikie mafaili na taarifa za robo mwaka. Mshahara uleule. Kasema, "Wewe ni mama, saiti imekuchosha."

Nikubali au nikatae? Hasa wanawake mlio kwenye kazi hizi, naombeni mnishauri.

Mgebuka Mkavu
Kubali dada. Kivuli, feni, chai ya saa nne. Wenzako wanakitafuta hicho kiti kwa tochi.

Mama Pacha
Mdogo wangu, una ujauzito? Kama unao usiogope kusema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa likizo ya uzazi siku 84 za malipo, na ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja ni 100. Mimi nilizipata zangu 100, huyu akilala yule anaamka, zikaisha kama tatu. Ukirudi kazini unanyonyesha, una haki ya hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto. Na mwajiri haruhusiwi kumpa mjamzito kazi ya hatari kwake au kwa mtoto. Kwa hiyo ofisi inaweza kuwa haki yako, usiichukulie kama adhabu.

Kofia ya Njano
Sina ujauzito mama. Asante kwa kunijali.

Mzee wa Reli
Binti, nikueleze jambo. Mama yangu alikuwa mponda kokoto barabarani, sisi tuko wadogo. Alikuwa na pete ya mpira aliyoikata kwenye tairi la baiskeli. Analizungushia jiwe ile pete, analibana chini, ndipo anapiga nyundo, ili vipande visimrukie machoni. Jioni tulimkuna mgongo kwa kibunzi cha muhindi. Kulikuwa na nyapara pale, kazi yake kuhesabu debe tu, mtu ambaye hajawahi kuponda hata jiwe moja, na yeye ndiye alikuwa akiandika nani alipwe nini. Mama hakujua kusoma. Kila wiki debe zake zilipungua mbili tatu kwenye karatasi, na hakuwa na la kufanya.

Nikisikia leo binti ndiye anayeshika kalamu na futi pale barabarani, moyo wangu unafurahi. Usiiache.

Mwanaume wa Kasulu
Mimi nasimama na ukweli. Mke wangu asingefanya kazi ya kushinda na wanaume hamsini. Mumeo anasemaje?

Kofia ya Njano
Mume wangu anasema nikubali. Kanibana sana wiki hii.

Kamba na Timazi
Mimi ni mhandisi, mwanamke, nina miaka 14 kwenye kazi hizi. Ndugu zangu mnamjibu haraka. Kofia, nikuulize. Kwa nini sasa? Kalavati limefika hatua gani? Na mkandarasi ni nani? Msimamizi haondolewi katikati ya kazi kwa sababu ni mama. Umama wako haukuanza Ijumaa.

Kofia ya Njano
Slabu, lile bapa la zege la juu linalopitwa na magari, tumemwaga nusu. Tunajenga nusu kwa nusu ili magari ya mawese na dagaa yaendelee kupita. Nusu ya pili nondo zinasukwa. Mkandarasi ni wa kawaida tu, daraja la saba, wa hapahapa.

Kamba na Timazi
Wanamwaga lini hiyo nusu ya pili?

Kofia ya Njano
Jumatatu.

Kamba na Timazi
Siku ileile unayoanza kukaa ofisini. Mdogo wangu, nondo ziko sawa?

Mgebuka Mkavu
Duh.

Kofia ya Njano
Sikutaka kufika huku, lakini haya.

Haziko sawa. Mchoro unasema milimita 12, kila sentimita 20. Zilizopo ni 10, na nafasi ni 30. Jumatano nilimwambia mkandarasi nusu ya pili sisaini mpaka zibadilishwe. Alhamisi nikamkuta kwenye maegesho ya ofisi yetu. Ijumaa ndiyo nikaitwa.

Mkandarasi ni shemeji yangu, kaka wa mume wangu. Ndiye aliyenilipia ada ya diploma miaka mitatu, mume wangu akiwa hana kazi. Naomba msinihukumu. Kazi hiyo aliishinda kwa zabuni kama wengine, mimi nilipangiwa kusimamia, sikuomba.

Mwanaume wa Kasulu
Ndiyo maana nilisema mume aulizwe. Hili ni suala la familia, liishe sebuleni. Mtu amekusomesha.

Mama Pacha
Kukusomesha ndiyo akununue? Watoto wangu wanapita njia za soko kila siku na ndoo kichwani.

Kamba na Timazi
Tuweke hesabu mezani, maana watu wanadhani 12 na 10 ni jirani. Nondo ya 12 ina milimita za mraba 113, ya 10 ina kama 79. Kwenye mita moja ya slabu, 12 kila sentimita 20 zinatoa 565. Hizo 10 kila 30 zinatoa kama 262. Hiyo ni chini ya nusu ya chuma kilichotakiwa, halafu juu yake unapitisha lori la mawese. Zege peke yake linahimili kukandamizwa, halihimili kuvutwa. Slabu ikielemewa, upande wa chini ndio unavutika, na pale kinachoshika ni nondo tu.

Swali la mwisho, na unijibu kama unavyomjibu dada yako. Nusu ya kwanza?

Bajaji Namba Tatu
Uzi umekuwa mtamu, nakaa pembeni.

Kamba na Timazi
Kofia, uko?

Kofia ya Njano
Nipo.

Nusu ya kwanza ilikuwa vilevile. Nilisaini.

Lakini mnielewe. Nondo zilishafungwa, mashine ya zege imekodiwa kwa siku moja, vibarua wamefika, bosi yuko safarini. Shemeji akasema za 12 zimechelewa Kigoma mjini, upande wa pili atafidia kwa kuweka nyingi zaidi. Nikamwamini. Karatasi ya vipimo ikaandikwa 12 kila 20, nikaweka saini. Na tangu wiki mbili hizo hakuna hata ufa, napita kuangalia kila asubuhi. Ndiyo maana nilikuwa nawaza, nikienda ofisini kimya kimya, sitakuwa nimesaini nusu ya pili, na la kwanza litabaki na Mungu. Mtoto wangu naye nitakuwa namuona mchana. Sioni kama nimekosea sana kuwaza hivyo.

Mzee wa Reli
Binti.

Injinia wa Mtandaoni
Samahani wadau, hii ni chai na mnainywa bila sukari. Moja, barabara za mijini na vijijini ziko chini ya wakala wake wa serikali, TARURA, tangu 2017, halmashauri haijengi kalavati la barabara. Mbili, fundi sanifu hasaini hati ya malipo, anayeidhinisha ni mhandisi. Tatu, ana shemeji, ada, bosi na mume, kila kitu kimejipanga kama tamthilia. Mleta uzi ni mwanaume anatafuta wasomaji.

Bajaji Namba Tatu
Ha! Na mimi nilijiuliza, mtu hajala tangu jioni ila anachapa kurasa.

Mgebuka Mkavu
Sasa nani alipe hisia zangu?

Mwanaume wa Kasulu
Nilihisi. Mwanamke wa kweli asingeanika familia ya mumewe hapa.

Mama Pacha
Acheni hizo. Hata kama imetungwa, nondo zinaibwa kweli.

Kofia ya Njano
Sitatuma kitambulisho. Nitajibu hayo mawili tu.

Hii si barabara ya TARURA. Ni njia ya ndani ya soko, ndani ya uzio, soko ni la halmashauri na fedha ni mapato ya ndani. Na sikusema nimesaini hati ya malipo. Nimesaini karatasi ya vipimo, mimi na fundi wa mkandarasi, kwamba tumepima pamoja na tumekuta hivi. Mhandisi anaandaa hati akitegemea karatasi hiyo. Yeye hakuwepo, aliyeziona nondo kabla hazijafunikwa upande wa ofisi ni mimi peke yangu. Ndiyo maana silali.

Kama natunga, ningejitungia saini iliyo safi.

Injinia wa Mtandaoni
Kwa soko la halmashauri, sawa, hilo naliondoa. Karatasi ya vipimo pia ni kweli fundi sanifu husaini. Bado nasema ungetangaza undugu siku ya kwanza.

Kamba na Timazi
Hapo amesema kweli, Kofia, na ndipo pa kuanzia. Hukutangaza mgongano wa maslahi. Sheria ya Ununuzi wa Umma inataka utangaze, na maadili ya utumishi vilevile. Ungesema tangu mwanzo ungepangiwa kazi nyingine, na leo ungekuwa unakula vizuri na shemeji yako.

Ofisi si tatizo, hata mimi nimekaa mwaka mzima kwenye mafaili. Tatizo ni kwenda kule umejificha. Andika barua leo. Mkandarasi ni ndugu, hukutangaza. Nondo za nusu ya pili ni hizi. Nusu ya kwanza ulisaini kisicho kweli. Omba lori zizuiwe kupita juu yake na omba ipimwe. Haina haja ya mitambo mikubwa. Pembeni kwa chini wanachimbua zege kidogo mpaka nondo ionekane, wanaipima unene. Sikudanganyi, unaweza kuadhibiwa. Lakini aliyesema kabla kalavati halijaanguka na aliyekutwa limeanguka hawahukumiwi sawa.

Mwanaume wa Kasulu
Na ndoa?

Kamba na Timazi
Ndoa sina utaalamu nayo. Kofia, kabla hawajamwaga Jumatatu, piga picha nondo. Futi ilale juu yake, namba zisomeke, na kitu cha pale sokoni kionekane nyuma.

Kofia ya Njano (Jumapili, saa 9 alasiri)
Nimetoka huko. Mlinzi kanifungulia, ananijua. Kulikuwa na mvua usiku, nondo zimeanza kutu nyekundu, nimechafuka mikono yote. Nimelaza futi: ndani ya mita moja zimo nne. Zilitakiwa sita ukihesabu na za mwanzo na mwisho. Nimepiga picha kumi na nne. Nimeingia chini ya nusu ya kwanza na tochi ya simu. Ufa sijauona. Nimekaa pale chini muda, nikasikia bodaboda inapita juu yangu, nikatoka.

Barua nimeiandika. Ya undugu iko juu kabisa. Mume wangu kaisoma, hakusema neno, kaenda kukaa nje.

Kesho nitakuwa mlangoni kwa mkurugenzi saa moja na nusu, kabla mashine haijawashwa. Nimechapa nakala mbili, moja ipigwe muhuri nibaki nayo.

Kamba na Timazi
Nakala tatu. Moja mwachie mtu nje ya nyumba hiyo.

Mzee wa Reli
Mungu akutangulie binti.

Kofia ya Njano
Shemeji kapiga mara saba. Simu nimeilaza kifudifudi mezani.

Mama Pacha
Umekula leo?

Kofia ya Njano
Bado, mama. Ugali uko jikoni, naenda kula na mtoto.