Meno ya chini ya sungura yametoka nje, nimkate?

MamaWaPasua: Habari za jioni wanajamvi. Niko Pasua, Moshi. Mwanangu ana sungura dume, wa kufuga tu, si wa mboga, tuelewane hapo. Sasa meno yake ya chini yametokeza nje yamepinda, kidevu kinalowa mate, na karoti anaing'ata kisha anaiachia. Anakula pumba, mkate na karoti. Jirani ameniletea koleo eti tuyakate. Ni sawa?

Babu_Tengeru: Mama, hilo koleo mrudishie mwenyewe leo hii. Jino la sungura likibanwa hupasuka kwa urefu, ufa unashuka hadi mzizini, baadaye usaha. Daktari wa mifugo hulipunguza kwa kimashine cha kusagia.

Meno yake yote 28 hukua maisha yake yote. Ya mbele huongezeka kama milimita 2 hadi 3 kwa wiki. Kinachoyala ni kutafuna nyasi saa nyingi, taya likienda pembeni. Mkate anaumeza upesi, meno yanakosa kazi. Na ninyi nyasi za mabingobingo zimejaa vihambani, kwenye mashamba ya nyumbani, mkate wa nini? Awe na nyasi kavu usiku na mchana, lundo kubwa kumzidi yeye. Pumba punguza kidogo kidogo, usikate ghafla. Karoti ni peremende.

MamaWaPasua: Asante babu. Nimwekee na matawi ya mparachichi? Uko hapo uani.

Babu_Tengeru: Usithubutu! Majani yake ni sumu kwa sungura. Mpe mpera au mforosadi. Ila tawi husaidia zaidi meno ya mbele, magego yanataka nyasi. Jike wangu mmoja meno ya mbele yalikuwa safi kabisa, kumbe magego yameota ncha zinamchoma ulimi. Daktari achungulie hadi nyuma.

Njiro_Kijana: Shikamoo babu. Niongezee: dada, usimpe amoksilini ya kunywa ya dukani. Inavuruga bakteria wa tumboni, anaweza kuharisha hadi kufa. Na akimaliza nusu siku hali wala hanyi, hiyo ni dharura, usingoje kesho.

Babu_Tengeru: Marahaba. Kweli kabisa. Mama, muulize daktari pia kama taya lilizaliwa limepishana. Likiwa hivyo, nyasi peke yake hazitalinyoosha; atasagwa meno kila baada ya wiki chache, au meno hayo ya mbele yang'olewe, na bado atakula vizuri ukimkatia vipande vidogo. Ila usimzalishe, watoto watarithi.

MamaWaPasua: Asubuhi nampeleka. Mkate wote nimewapa kuku.