Tupeane uzoefu: chokoleti za protini za kutengeneza nyumbani bila oveni, wewe zilikufanyaje?

MamaKulwa_Buzuruga: Wakuu, habari za jioni. Leo nimemkuta binti wa jirani barazani anaviringisha vidonge vya karanga na kakao, nikacheka peke yangu kama mwehu. Mwaka jana mdogo wangu alijifungua, akawa hali vizuri. Nikasema nimtengenezee kitu kitamu chenye nguvu. Oti vikombe viwili, siagi ya karanga kikombe kimoja, maziwa ya unga vijiko vinne, kakao, asali ya Tabora. Unakanda kwa mkono, unaviringisha, hakuna moto wala oveni. Mpaka hapo safi kabisa. Balaa nililitafuta mwenyewe, nikataka ving'ae. Nikayeyusha mafuta ya nazi, nikakoroga na kakao, nikavichovya kimoja kimoja, vikalala kwenye friji. Asubuhi vigumu, ukigonga kwa kucha vinalia ko! Nikavipakia kwenye kontena, nikalipakata, daladala mpaka mjini. Saa saba mchana, foleni ya Mabatini hiyo. Nashuka, naona watu wananitazama gauni. Gauni la krimu, jamani. Na doa lenyewe limekaa pale pale. Mama mmoja akanivuta pembeni, akafungua khanga yake ya juu: "Mwanangu, jifunge." Sikuwa hata na nguvu ya kumweleza kuwa ni kakao.

Haya, na wewe tupe ya kwako.

Pasiansi_Moja: Khanga ya watu ulirudisha?

Fundi_Friji: Dada, mafuta ya nazi yanaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 24 au 25 hivi. Mwanza saa saba mchana ni 28, na wewe umeyaweka mapajani! Chokoleti halisi ina siagi ya kakao, hiyo inavumilia mpaka 33 au 34 ndiyo ilainike. Mafuta ya nazi ni ya kula pale pale mlangoni mwa friji.

MamaKulwa_Buzuruga: Sasa unaniambia leo?

Mvuvi_Mstaafu: Mnahangaika. Hizo ni kashata tu zimepakwa rangi.

Binti_wa_Tanga: Samahani mzee wangu, shikamoo. Kashata sukari inapikwa mpaka ivute uzi, ndipo unatia karanga au nazi. Kisichopita jikoni si kashata.

Mvuvi_Mstaafu: Marahaba. Ni ya karanga? Ni tamu? Unaila na kahawa? Kashata hiyo.

Binti_wa_Tanga: Basi na ubuyu ni kashata.

Mjeshi_wa_Jimu: Mimi nilikuwa na pupa ya misuli. Maelekezo ya kopo yanasema kijiko kimoja cha unga wa protini, nikatia sita. Jioni donge lilikuwa laini, nikafurahi, nikaliweka kwenye friji. Kumbe ule unga unaendelea kunywa maji usiku kucha. Asubuhi chaki. Niliuma kipande nikasikia kah, nikajua ni chokoleti imevunjika, kumbe ni jino la pembeni lililokuwa na jiwe. Nyegezi yote wanaijua hiyo habari.

Pasiansi_Moja: Misuli ilikuja lakini?

Mjeshi_wa_Jimu: Lilikuja deni la jino.

Igoma_Stendi: Nyie wa chaki mna nafuu. Mimi nilikaanga karanga vizuri, nikaondoa maganda, nikapepeta, nikampa kijana apeleke mashineni zikasagwe. Mbele yake kulikuwa na mama wa unga wa lishe, ule wa watoto, mnajua unawekwa nini ndani. Dagaa. Kijana wangu hakuona sababu ya kuomba mashine isafishwe. Nimechanganya na kakao, na vanila nimetia, nimeviringisha vidonge arobaini. Ukiweka mdomoni, sekunde ya kwanza chokoleti, ya pili unasimama Kirumba Mwaloni jua la saa sita, magunia yamefunguliwa. Mume wangu alitafuna polepole akauliza, "Hivi vinaliwa na ugali?"

Mvuvi_Mstaafu: Dagaa ndio protini yenyewe hasa. Mtalaam huyo mume.

Alto_wa_Nyakato: Nimesoma nikasema ninyamaze, nimeshindwa. Miaka michache nyuma kwaya yetu ilialikwa Nansio, Ukerewe. Mimi mweka hazina. Nikajifanya mjasiriamali: nitengeneze vidonge vya chokoleti, niwauzie wenzangu melini mia tano mia tano. Maziwa ya unga yalikuwa ghali, mtu akaniambia soya inazidi karanga kwa protini. Na ni kweli, inazidi. Nikanunua kilo tano, nyingine nikaweka akiba, nyingine nikapeleka mashineni zikasagwa vile vile mbichi. Unga mzuri wa manjano. Niliuonja una uchungu wa maharage mabichi, nikasema kakao itafunika. Ikafunika kweli, ndiyo shida.

Vidonge mia na ishirini viliisha mji bado unaonekana nyuma yetu. Wanaume wa besi walikula vinne vinne. Mwenyekiti alinunua sita vya wajukuu akavimaliza mwenyewe. Saa ya kwanza tuliimba, abiria wanapiga makofi. Saa ya pili soprano mmoja akakaa. Kisha wa pili. Matumbo yanaunguruma unayasikia juu ya injini. Choo cha upande wetu kimoja, komeo limekatika, mlango unaushikilia kwa mkono ukiwa ndani. Foleni ikafika kwenye ngazi. Mwalimu wa kwaya, mtu mzima, suti ya kijivu, alikuwa wa saba. Ameegemea reli anatazama maji, jasho linamtiririka shingoni, hasemi na mtu. Nikamsogelea, "Shikamoo mwalimu, pole." Bila kugeuka akaniambia, "Mama, usiniguse bega."

Nansio tulishuka wazima watano. Mimi nilikuwa mzima kwa sababu sikula hata kimoja, nilikuwa nahesabu hela.

Pasiansi_Moja: USINIGUSE BEGA. Nimeangusha simu.

Mjeshi_wa_Jimu: Hii chai. Watu wazima wote hao kwa soya tu?

Alto_wa_Nyakato: Kijana, tafuta wa besi yeyote pale Nyakato, mtajie soya, uone atakavyokutazama.

Nesi_Mkolani: Si chai. Soya mbichi ina kitu kinachozuia vimeng'enya vya kusaga protini tumboni. Joto ndilo linalokivunja. Yaani uliwauzia protini imefungwa kufuli. Ichemshe, ianike, ikaange, ndipo usage.

Fundi_Friji: Kukaanga tu kunatosha.

Nesi_Mkolani: Ukikaanga juu juu, nje imeungua ndani mbichi. Chemsha kwanza.

Fundi_Friji: Mama yangu ametukuza kwa soya ya kukaanga.

Nesi_Mkolani: Mama yako alikaanga kwa subira. Huyu angekaanga huku anapanga bei.

Binti_wa_Tanga: Na wale wanaotia unga wa ngano mbichi ili donge lishike, acheni. Unga wa ngano si wa kulambwa mbichi. Ukikosa oti, kausha unga wa mtama kwenye sufuria mpaka unukie.

Igoma_Stendi: Karanga nazo zichague kwa mkono. Iliyosinyaa, yenye ukungu, ukiitafuna inachachuka, tupa. Sumukuvu haiishi kwa kukaanga. Mnakumbuka 2016 Dodoma na Manyara, watu walikufa kwa mahindi.

Mvuvi_Mstaafu: Karanga chungu mpe kuku.

Nesi_Mkolani: Mzee, hapana! Hata kuku usimpe.

MamaKulwa_Buzuruga: Jamani uzi wangu. Niliuliza chokoleti, tumefika kwenye kuku. Hakuna aliyeyeyusha chokoleti ya kipande ikamgomea?

Bwiru_Mlimani: Mimi. Niliyeyusha kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto. Tone moja la mvuke likaingia. Moja tu! Ikashikamana ikawa mchanga mbichi wa Igombe. Nimeikoroga nalia, maana ilikuwa ndiyo kipande pekee. Dada yangu akaja akamwaga maziwa ya moto kama robo kikombe, nikataka kumpiga. Ikalainika, ikawa rojo. Haikufaa tena kuchovya, tukaichanganya na oti na siagi ya karanga, tukala kwa kijiko.

Fundi_Friji: Tone linaigandisha, kikombe kinaifungua. Hapo hata mimi nilikataa mpaka nilipoona.

Binti_wa_Tanga: Tende nazo zinashikisha bila asali. Loweka, ponda kwenye kinu.

Mjeshi_wa_Jimu: Tende sukari tupu.

Binti_wa_Tanga: Wewe tulia na jino lako.

Pasiansi_Moja: Turudi kwenye meli. Mama Alto, wimbo mliimba?

Alto_wa_Nyakato: Tuliimba. Wimbo wa sauti nne tuliuimba kwa sauti mbili. Wenyeji wakasema ndio mtindo wa mjini.

Pasiansi_Moja: Na hela za vidonge ulirudisha?

Alto_wa_Nyakato: Elfu sitini? Niliziweka kwenye mfuko wa kwaya siku ile ile, na hakuna aliyeuliza zimetoka wapi. Ila soya ya akiba ipo stoo mpaka leo, kilo tatu. Nani anafuga kuku?

Nesi_Mkolani: Kuku nao mbichi inawasumbua.

Alto_wa_Nyakato: Ng'ombe?

Nesi_Mkolani: Ng'ombe mkubwa anaivumilia, kidogo kidogo.

Mvuvi_Mstaafu: Lete Magu, ninao wanne. Ila uje nazo kwa basi, mama, usipande meli.