AE-1 Program au K1000? Nataka kuanza kupiga picha kwa filamu, niko Kisumu

dunga_35:
Wadau, kuna jamaa anauza kamera mbili za filamu, Canon AE-1 Program na Pentax K1000, zote na lenzi ya milimita 50. Anataka jibu kabla ya Jumamosi. Nichukue gani?

lenzi_kuukuu:
Bajeti je? Rangi au nyeusi na nyeupe? Mikanda utaisafishia wapi? Na hizo kamera umezishika, au umeonyeshwa picha tu? Bila hayo tutakuwa tunakupigia ramli.

nakuru_vumbi:
K1000, na mjadala ufungwe. Shata yake, lile pazia linalopitisha mwanga kwenye filamu, ni ya springi, betri ya LR44 ni ya mita ya mwanga pekee. Betri ikifa unaendelea kupiga kwa kasi zote. AE-1 Program inataka betri ya volti 6, ile 4LR44, na ikiisha shata haifyatuki kabisa. LR44 hata fundi saa anayo, hiyo nyingine utaitafuta. Ila K1000 haina swichi ya kuzima mita, kwa hivyo usipoitumia weka kifuniko cha lenzi, la sivyo inakula betri usiku kucha taa ikiwaka.

mama_negativu:
Usifunge mjadala ambao haujafunguka. Anayeanza akiwa na AE-1 Program anaweza kuiachia kamera ichague kasi na tundu la lenzi, yeye ashughulike na fokasi. Ubovu wake unajulikana: ukifyatua ikakohoa kama mtu mwenye pumu, gia za kioo cha ndani zimekauka. Dawa ni tone moja la mafuta kwa sindano mahali penyewe. Fundi akimimina, mafuta yanafika kwenye mapazia ya shata na sasa una shida mbili. Angalia pia mlango wa betri, ulimi wake wa plastiki huvunjika.

dunga_35:
Bajeti ni elfu 25, mikanda ikiwa ndani. Rangi na nyeusi-nyeupe zote. Kusafisha sijafikiria. Nyingi zitakuwa picha za watu ufuoni mchana.

lenzi_kuukuu:
Hapo kwa "mchana ufuoni" ndipo penye kazi. Kuna AE-1 ilinunuliwa mtandaoni, mita inasoma, shata inalia vizuri, kila mtu akaisifu. Mkanda wa kwanza wa ISO 400 (ISO ni kipimo cha jinsi filamu inavyohisi mwanga) ukapigwa wote juani. Uliposafishwa, karibu kila picha ilikuwa na ukanda mweusi upande mmoja, kwingine robo, kwingine nusu. Lawama ikaenda studio: wamechoma mkanda. Studio haikuwa na kosa. Kamera hizi zina mapazia mawili ya kitambaa yanayokimbia kando kwa kando. Kwa kasi ya 1/1000 ya sekunde kinachopita mbele ya filamu ni mwanya mwembamba tu kati yao. Mafuta yakiganda, pazia la kwanza linachelewa, la pili linalifikia kabla ya mwisho, na mwanya unajifunga njiani. Picha mbili zilizopigwa ndani ya nyumba kwa 1/60 zilitoka safi, na ndizo zilizothibitisha ugonjwa.

Kwa hivyo usilipe kabla ya kupima. Fungua mlango wa nyuma, bila filamu. Lenzi iweke kwenye tundu kubwa kabisa, kasi 1/1000, elekeza kamera kwenye dirisha lenye mwanga. Rekodi kwa simu ukitumia video ya mwendo wa pole, fyatua mara kumi. Mwanga lazima ufike pande zote mbili za fremu. Upande mmoja ukibaki giza, rudisha. Hiyo inaihusu K1000 vilevile, nayo ina mapazia ya kitambaa.

kakamega_rangi:
Na mbona mnamwacha aingie juani na ISO 400? Jua kali, tundu f/16 (namba ikipungua tundu linapanuka), kasi ni takriban moja gawanya kwa ISO, yaani 1/500. Akifungua hadi f/8 anahitaji 1/2000, na kamera zote mbili zinaishia 1/1000. Achukue ISO 100 au 200. Au Nikon FM2, inafika 1/4000.

nakuru_vumbi:
FM2 na lenzi na mikanda kwa elfu 25? Labda uongezee wewe.

simu_inatosha:
Samahani kuingilia, lakini kwani hamna programu za simu zinazotoa rangi hizo hizo?

mama_negativu:
Rangi unaiga. Jaribu kuiga shati jeupe juani. Digitali ikizidisha mwanga, weupe unatoboka na haurudi. Filamu ya negativu ya rangi inavumilia stopu mbili za ziada (kila stopu ni mwanga mara mbili) bila kulalamika. Inachochukia ni kukosa mwanga: vivuli vinakuwa tope. Ndiyo maana mtu akiwa na anga nyeupe nyuma yake usiiamini mita. Pima kwenye kiganja chako kikiwa kwenye mwanga ule ule, kisha ongeza stopu moja.

kakamega_rangi:
Kuhusu kusafisha: nyeusi na nyeupe fanya mwenyewe. Filamu ya HP5 Plus kwa dawa ya ID-11, sehemu moja kwa moja ya maji (1+1), ni dakika 13 kwenye nyuzi 20. Maji ya Kisumu hayakupi 20, kwa hivyo tumbukiza chupa ya dawa kwenye karai la maji na barafu, pima, ndipo umimine. Ukifanyia kwenye 24, ni kama dakika 9. Usishuke chini ya dakika 5, filamu inatoka na madoa.

lenzi_kuukuu:
Na unyevunyevu! Rili ya plastiki, ile unayozungushia filamu ya kusafishwa, ikiwa na tone moja la maji, filamu inakwama katikati gizani, jasho la mikono ndani ya begi la giza linamaliza kazi. Kausha rili siku moja kabla.

nakuru_vumbi:
Rili za chuma. Nimemaliza.

mama_negativu:
Rili za chuma kwa anayeanza, ili aikunje filamu kama chapati?

dunga_35:
Nimerudi. AE-1, upande wa mwisho giza mara nne kati ya kumi. K1000 imefika pande zote, lakini nikimulika tochi ndani ya lenzi naona nyuzi nyembamba ukingoni. Jamaa anasema ni vumbi.

lenzi_kuukuu:
Nyuzi zina matawi?

dunga_35:
Zina matawi.

lenzi_kuukuu:
Hiyo ni kuvu. Mwambie atoe bei ya bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Na kama lenzi inakuja bure, usiiweke kabati moja na nyingine.

kakamega_rangi:
Kuna mtu anasafiri kutoka Uingereza mwezi huu? Nataka mikanda mitano. Aibebe mkononi, si kwenye sanduku, na aombe ikaguliwe kwa mkono, zile skana mpya za uwanja wa ndege zinachoma hata ISO 200.