Kupunguza kostiki soda kabla ya kuanodaizi profaili za 6063

Profaili_Kariobangi:
Habari za kazi, wadau. Hapa Light Industries, Kariobangi, tunachubua (kula uso wa juu wa) profaili za aloi ya alumini 6063 kwa kostiki soda gramu 60 kwa lita, nyuzi 60, dakika 15, ndipo tunaanodaizi, yaani kuzipa ngozi ngumu ya oksidi kwa umeme ndani ya asidi. Soda inaisha haraka, na jiwe jeupe limegandia sakafu ya tangi na hita. Nikishusha soda hadi gramu 30 nitaokoa?

Mkemia_wa_Matangi:
Usishushe, ndugu. Jiwe hilo ni haidroksidi ya alumini, nalo hujitenga soda huru (ile ambayo haijaungana na alumini) inapozidiwa na alumini iliyoyeyuka. Ukishusha, utalizidisha, na hita iliyofunikwa nalo huungua. Kinachokula soda yako ni alumini yenyewe: kila kilo 1 inayoyeyuka hula karibu kilo 1.5 za soda, kisha huzaa karibu kilo 2.9 za haidroksidi kavu kwenye maji taka. Punguza alumini unayoichubua.

Pima kwanza. Chukua kipande bapa cha sentimita 10 kwa 10, kipime uzito, kichubue, kitoe weusi unaoachwa na soda kwa asidi, kikaushe, kipime uzito tena. Kikipungua gramu 2, ukihesabu pande zote mbili unaondoa gramu 100 kwa kila mita ya mraba. Rudia kwa dakika 5, 8 na 11, vianodaizi vyote, halafu chagua muda mfupi kabisa ambao mteja anaukubali. Sodiamu glukoneti, kemikali ya kuongeza tangini, gramu 3 hadi 5 kwa lita, itasaidia, ila kwangua tangi kwanza. Glukoneti huzuia jiwe jipya. La zamani haliyeyushi.

Fundi_Raki:
Dakika 15 kwa kawaida ni za kuficha michirizi inayoachwa na kalibu profaili inaposukumwa. Hiyo ni kazi ya brashi, au ya kupiga chembe za chuma cha pua, si ya soda. Chembe za chuma cha kawaida usizikubali kamwe: mabaki yake huliwa kwenye tangi la asidi na kuacha vishimo.

Halafu inamisha raki (fremu inayobeba profaili), iache ichuruzike juu ya tangi sekunde 30 hivi. Ukizidisha, soda ya moto inaendelea kula na kuacha madoa. Maji ya suuzo la kwanza yarudishe tangini kufidia yanayofuka.

Mkemia_wa_Matangi:
Kuhusu kurudisha suuzo, kuweni makini. Tangi lisilomwagwa halina njia nyingine ya kutoa alumini isipokuwa ile inayobebwa na raki. Ukirudisha yote, alumini inapanda na jiwe linarudi. Pimeni soda huru na alumini kila wiki. Alumini ikikaribia kulingana na soda huru kwa gramu, acheni kurudisha.

Suuzo linalobaki msilinunulie asidi mpya. Lizimueni kwa asidi iliyochoka ya anodaizi, kidogo kidogo kwa sababu hupata moto, hadi pH 7 au 8. Tope likitua, lichujeni kabla maji hayajaingia kwenye mfereji wa maji taka.