Tupeane uzoefu: safari ndefu za ndege, kilomita na masaa vilivyokukuta

Wakuu, naanza mimi. Singapore hadi New York bila kutua ni kilomita kama 15,300. Nilijua ndege kubwa hukata karibu kilomita 900 kwa saa, nikagawanya, nikapata masaa 17, nikampanga mwenyeji wangu kwa hesabu hiyo. Kumbe ratiba inakaribia masaa 19, maana inahesabiwa tangu ndege inapoondoka getini hadi inapoegeshwa, na angani hainyooki kama rula. Kaka wa watu alinisubiri hadi akalala kwenye kiti. Nilimwonea huruma sana.

*

Mleta mada, umesahau upepo. Huko juu, kilomita kumi hivi, kuna mkondo mkali unaovuma toka magharibi kwenda mashariki. London hadi New York ni kilomita 5,500 na ushee. Kwenda nilitumia karibu masaa 8, kurudi sita na nusu. Februari 2020 kuna ndege ilitoka New York ikafika London chini ya masaa 5 kwa kusukumwa na upepo huo.

*

Yangu iliniumiza. Tiketi iliandikwa 00:30, Jumanne. Nikasoma saa sita na nusu usiku, Jumanne, basi nikashinda Jumanne nzima napanga mizigo. Nafika kiwanjani saa tatu usiku naambiwa ndege iliondoka usiku wa kuamkia leo. Nilikuwa nakwenda kumuuguza dada yangu. Nikachelewa siku mbili. Tangu hapo tiketi yoyote ya baada ya saa sita usiku naiandika kwenye karatasi kwa maneno, "usiku wa kuamkia Jumanne", halafu namsomea mtu mwingine aniambie ameelewa nini.

*

Pole sana, dada. Mimi nilitoka Auckland saa mbili usiku, nikafika Los Angeles saa saba mchana, tarehe ile ile! Ni kilomita 10,500 hivi, masaa kama 12 angani. Tulivuka mstari wa tarehe, ule wa kufikirika kwenye bahari ya Pasifiki ambao ukiuvuka kwenda mashariki tarehe inarudi nyuma siku moja, na kila kiwanja huandikwa kwa saa ya kwake. Ukitoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika bila kujua hilo, unapata upuuzi mtupu.

*

Na njia nayo hubadilika. Helsinki hadi Tokyo nilizoea masaa tisa na nusu. Mwaka 2022, anga ya Urusi ilipofungwa kwa mashirika mengi, nikakaa hewani karibu masaa 13. Kwa wazee na wajawazito hayo ya ziada si mchezo. Amkeni mtembee, nyoosheni miguu, kunyweni maji.

*

Dada wa 00:30, walikubadilishia tiketi au ulilipa upya?

*

Nililipa upya, mkuu. Tiketi ya kurudi nayo ilifutwa kwa kuwa sikupanda ile ya kwenda. Dada yangu alipona, namshukuru Mungu.