Zawadi za kutengeneza nyumbani: mishumaa, sabuni, kroshia au madaftari? Nina wiki 5 tu

mama_wawili

Habari za jioni wadau, naombeni mnisaidie kuchagua kabla sijaingia gharama. Mwaka huu nimeamua zawadi zote nitoe za mkono wangu, watu 11, yaani walimu wa watoto 3, mashangazi 2, bibi jirani yetu ambaye huwa anabaki na watoto nikichelewa, na wenzangu 5 wa kazini. Nimebakiza wiki 5. Muda wangu ni usiku watoto wakishalala na Jumapili mchana basi.

Nimeangalia video mpaka zimenichanganya manake kila mtu anasema chake ndio rahisi. Nina vitu vinne kichwani. Mishumaa ya kwenye glasi, inapendeza ila sijawahi kugusa nta maisha yangu. Sabuni ya vipande, hii ndio naipenda zaidi kwa sababu hakuna mtu asiyetumia sabuni. Kroshia, hapo angalau kuanza najua, marehemu mama alinifundisha nikiwa mdogo, ila nafuma taratibu sana. Na madaftari ya kushona kwa mkono, yale yenye uzi unaoonekana mgongoni, nimeyaona tu nikayapenda.

Nyie mnaovifanya, kipi kweli ni nafuu ukihesabu na vifaa vyote, na kipi mtu atakitumia asikifungie kabatini? Niambieni ukweli, msinionee haya.

mpika_sabuni

Dada karibu. Mi ni mtu wa sabuni, huu mwaka wa sita, na ndio kitu ninachokipenda kuliko vyote hivyo ulivyotaja, lakini kwa wiki 5 usianze. Sabuni ya kostiki soda ukishaimwaga kwenye kalibu na kuikata bado inataka ikae wiki 4 mpaka 6 sehemu yenye hewa ndio maji yatoke iwe ngumu, ukimpa mtu kabla ya hapo inaisha bafuni siku mbili tatu imekuwa ute. Maana yake ungetakiwa uipike kesho kutwa na itoke sawa mara ya kwanza, hiyo siwezi kukuahidi.

Halafu sio kitu cha kukadiria kwa kikombe. Kila mafuta yana kiasi chake cha kostiki, mfano gramu 500 za mafuta ya zeituni zinakula kama gramu 67 za kostiki zikigeuka zote sabuni, gramu 500 hizo hizo zikiwa mafuta ya nazi zinakula kama 91, na wengi wetu tunapunguza asilimia 5 hivi ili mafuta kidogo yabaki yasaidie ngozi. Sasa chukua hesabu ya nazi uitie kwenye zeituni uone, kostiki inabaki humo ndani na inaunguza mtu. Kwa hiyo mizani ya jikoni lazima, miwani ya kukinga macho lazima, glavu lazima, na watoto wasiwepo kabisa. Kostiki ndio inaingia kwenye maji, usije ukamwaga maji juu ya kostiki, inaruka. Na sufuria ya alumini usiguse, mimi batchi yangu ya pili nilichanganyia kwenye alumini bila kujua, ikaanza kutoa povu na joto na harufu kali, sufuria ikawa nyeusi ndani, nilivyoitoa nje mikono inatetemeka mpaka leo nakumbuka. Chuma cha pua au plastiki ngumu ya kuhimili joto, basi.

Ukiona sabuni ni lazima, kuna besi ya kuyeyusha, hiyo imeshapikwa, unakata vipande, unayeyusha taratibu, unatia marashi unamwaga, masaa machache imeganda. Kipande kwa kipande inatoka ghali kuliko ya kupika mwenyewe. Na ifunge na plastiki siku hiyo hiyo manake ina gliserini nyingi, inavuta unyevu wa hewani inatoa jasho juu.

mama_wawili

Asante sana kaka kwa ukweli huo, yaani nilikuwa nimeshaanza kutafuta kostiki. Nyumba yangu ni ndogo na wa mwisho ana miaka 3, sabuni ya kupika naiacha.

nta_na_utambi

Mishumaa nitaisemea mimi. Uzuri wake ni jioni moja tu unamwaga yote 11. Gharama yake ndipo watu wanapokosea, wanahesabu nta na glasi wanasahau majaribio. Utambi lazima uendane na upana wa glasi, ukiwa mwembamba unachimba shimo katikati nta inabaki ukutani, ukiwa mnene moto unakuwa mkubwa, glasi inachemka na masizi yanajaa. Hiyo huijui mpaka umwage mmoja uuwashe ukae nao masaa. Mimi kila nikibadili glasi natengeneza mitatu ya kujaribia yenye tambi tofauti kabla sijampa mtu. Kwa hiyo watu 11 hesabu nta ya mishumaa 14.

Yeyusha kwa chombo kilichokaa ndani ya sufuria ya maji, sio juu ya moto moja kwa moja, na usiondoke hata dakika. Ikishika moto funika na kifuniko zima jiko, maji usimwage kabisa. Marashi yawe ya mishumaa, asilimia 6 ya uzito wa nta inatosha kuanzia, yaani gramu 12 kwa nta ya gramu 200. Glasi nyembamba za kunywea maji naziogopa, zinapasuka. Na ukitumia nta ya soya iache wiki 1 au 2 kabla ya kuwasha ndio harufu inakaa vizuri.

Mpokeaji mwambie, au andika kwenye karatasi ndogo ufunge shingoni, akate utambi ubaki kama milimita 6 kila kabla ya kuwasha, na siku ya kwanza auache mpaka nta iyeyuke kufika ukingoni.

mama_wawili

Na bibi jirani je? Anaishi peke yake na macho yamepungua.

nta_na_utambi

Huyo usimpe mshumaa. Mfumie kitu.

fundi_kitanzi

Nakubaliana, bibi afumiwe. Na hapa nataka nimtetee huyu mtu mwenye mkono wa taratibu. Kroshia ndio yenye vifaa vichache kuliko zote, sindano moja ya milimita 4 na uzi wa pamba na mkasi, ukikosea unafumua unaanza upya uzi ni ule ule, hakuna batchi ya kutupa. Mshumaa ukiharibika glasi imepotea, sabuni ikiharibika mafuta yamekwenda. Gharama ya kroshia ni masaa. Kitambaa cha kuogea cha mraba kinakula kama gramu 40 mpaka 50 za uzi, mtu mwepesi anakimaliza jioni moja, wewe weka jioni tatu. Ndio maana kwa watu 11 sikushauri, ungefika katikati ukachukia sindano. Watu watatu unaweza.

Nunua pamba, narudia PAMBA. Uzi wa akriliki ni rahisi na una rangi nzuri ila haunywi maji, kitambaa cha kuogea cha akriliki kinasukuma maji tu. Na kama utamfumia mtu vishikio vya sufuria, akriliki inayeyuka kwenye joto, inamng'ang'ania mkononi, hiyo sio zawadi. Pamba kwa kushikia sufuria ifume nene, mikunjo miwili.

Kitu kimoja kitakusumbua, nakwambia mapema. Kila mstari hesabu vitanzi mpaka mwisho, kama umeanza na 30 kila mstari uwe 30. Wageni wengi wanaruka kile cha mwisho kwa sababu kinajificha pembeni, mstari wa kwanza huoni, wa pili huoni, ukifika wa kumi kitambaa kimekuwa pembetatu. Weka uzi wa rangi nyingine kwenye kitanzi cha kwanza na cha mwisho, utauchomoa baadaye.

shanga_ndogo

Naongeza la tano, bangili za shanga za uzi wa lastiki. Moja ni robo saa. Ila uvute uzi kwa nguvu kabla hujaanza kutunga, usipouvuta utalegea wenyewe wiki mbili baadaye shanga zinaonyesha mapengo. Fundo lizungushe mara mbili kabla ya kukaza, tia tone la gundi, lifiche ndani ya shanga yenye tundu kubwa. Kwa wenzako wa kazini inafaa, kwa bibi tundu la kuvaa liwe pana.

karatasi_tu

Nimechelewa ila nimeona daftari halijapata wakili. Mama wawili, kwa hao walimu na wa kazini usitafute kingine. Nimefanya vyote vinne hivyo nyumbani kwangu kwa nyakati tofauti na hakuna kilicho nafuu zaidi ya daftari ukihesabu kila kitu, kwa sababu nusu ya vifaa unavyo tayari.

Chukua karatasi 8 za A4, kunja zote pamoja katikati, umepata daftari la A5 lenye kurasa 32. Jalada ni karatasi nzito, au kalenda ya zamani yenye picha nzuri, au bahasha za kaki zile ngumu, hata ramani iliyochakaa, mimi nimewahi kutumia boksi la viatu nikalivalisha kitambaa cha gauni lililochoka na mtu alilia akiliona manake lilikuwa gauni la dada yake.

Ushonaji ni matundu matatu tu. Pima katikati ya mkunjo, toboa, halafu moja juu moja chini, sentimita 4 au 5 kutoka kwenye lile la katikati. Toboa ukiwa umeliweka wazi juu ya kitabu kinene cha zamani, kwa msharasi au sindano nene, kutokea NDANI ya mkunjo kwenda nje. Hapo ndipo pa kwenda pole pole, karatasi zikisogea kidogo tu matundu hayaingiani na utaona meno meno mgongoni. Mimi nazibana na vibanio vya nguo juu na chini. Uzi wako kata mara 2 na nusu ya urefu wa mgongo, upitishe kwenye kipande cha mshumaa mara mbili tatu uwe mgumu, hautajifunga ovyo.

Sasa, anza ndani tundu la katikati, toka nje ukiacha mkia kama kidole, panda uingie tundu la juu, ukiwa ndani shuka moja kwa moja mpaka tundu la chini ukilipita lile la katikati, toka nje, rudi katikati uingie ndani. Hapo una mikia miwili ndani, hakikisha mmoja uko kushoto na mwingine kulia ya ule uzi mrefu, vuta kwa kufuata mgongo usivute kwenda juu manake unachana karatasi, funga fundo mara mbili juu ya uzi mrefu. Ukitaka fundo lionekane nje kama yale uliyoyapenda, anzia nje badala ya ndani, mengine yote yanageuka.

Likishakwisha lilaze chini ya vitabu vizito usiku mzima. Asubuhi kurasa za katikati zitakuwa zimetokeza kidogo kuliko za nje, ndivyo karatasi zikikunjwa pamoja zinavyofanya, kata ukingo kwa rula ya chuma na wembe mkali, mpito mwepesi mara nyingi, usikandamize mara moja.

La kwanza litakuchukua saa nzima. La nne ni dakika 20.

kaka_jioni

Samahani naomba kupinga kidogo. Madaftari watu wanayatunza, wanasema ni mazuri mno kuandika, yanakaa droo. Mimi ninayo matatu niliyopewa sijagusa hata moja. Sabuni au kitambaa kinatumika.

karatasi_tu

Kaka una hoja, na dawa yake nimeipata kwa kufanya. Usimpe mtu daftari tupu lisilo na kazi. Mwalimu mchoree mistari ya majina na tarehe kurasa chache za mwanzo. Mwenzako wa kazini anayeweka akiba, mgawie kurasa kwa miezi. Ukurasa wa kwanza andika wewe mwenyewe kwa kalamu, jina lake na sentensi mbili, ukishauchafua ukurasa wa kwanza mtu hasiti tena kuandika wa pili. Na jalada lisiwe la kifahari sana.

kaka_jioni

Hiyo ya kuandika ukurasa wa kwanza ni kweli, yangu yote yalikuja matupu. Nimekubali.

mama_wawili

Wadau narudi kama nilivyoahidi, Jumapili imepita. Nimeshona mawili. La kwanza matundu yalipishana nililitobolea hewani mkononi, watoto wamelichukua la kuchorea. La pili nililibana na vibanio nikalitobolea juu ya kitabu, limelala limenyooka, nimelishika mara kumi leo. Jalada ni kalenda ya zamani upande wenye mlima.

Nimeamua hivi: walimu 3 na wa kazini 5 madaftari, mashangazi na bibi vitambaa vya pamba, vitatu tu. Mishumaa nitajifunza mwakani nikiwa na muda wa kujaribu hizo tambi. Fundi_kitanzi nimeanza na vitanzi 30 na alama za rangi pembeni, niko mstari wa 14 na bado ni 30. Swali langu ni moja, pembeni panajikunja kuelekea juu, nimekaza sana au?

fundi_kitanzi

Mara nyingi ni ule mstari wa mwanzo umekaza kuliko mingine. Fumua, mstari wa kwanza tu utumie sindano ya milimita 5, ukimaliza rudi kwenye 4. Kitanyooka. Ukishakimaliza kiloweshe, kinyooshe juu ya taulo ukibane pembe na pini kikauke hapo hapo, ndio umkabidhi bibi.